Huyu Anaumia Kuliko Mimi

Goma, 17 Novemba 2024

Dada yangu Klementina,

Tumsifu Yesu Kristo. Mwadila, mayu. Wote hawajambo hapo Kasoli? Mvua imekuja? Pamba mmepanda au bado mnaangalia mawingu?

Barua hii analeta Mayige, yule dereva wa Kalemela anayesafirisha dagaa kuja huku. Usimwache aondoke bila kula. Ni mwembamba, lakini tumbo lake ni kama ghala la pamba, halijai. Simu yangu iliibwa na nimeamua kukaa bila simu. Huku siku hizi ukikutwa unapiga namba ya nchi nyingine askari wanakuuliza unaongea na nani, na mjane mgeni kama mimi hana wa kumsemea. Basi tuandikiane, kama tulivyokuwa tunamwandikia baba alipokuwa Mwadui.

Unauliza kwa nini nisirudi, maana Boniventura amekwisha kufa na mtoto hatukujaliwa. Dada, dagaa walinileta huku, mume akanikalisha, na sasa ni hawa watu. Wanashuka kutoka milimani kila siku wakikimbia vita, na magodoro kichwani. Kambi yao iko nyuma ya parokia yetu, juu ya yale mawe meusi ya mlima wa moto, mawe makali kama chupa iliyovunjika. Mimi na akina mama wengine tunapika uji. Ndiyo kazi yangu, kukoroga uji.

Juzi kulikuwa na mzee mmoja wa Masisi, alikuwa mtu wa ng'ombe wengi. Uji akaukataa. Amekaa ametugeuzia mgongo, hataki kupanga mstari na bakuli kama mtoto. Nikamfuata, nikapiga magoti, nikamwambia: "Mzee, mimi ni Msukuma. Kwetu mgeni asipokula, mwenye nyumba anaona aibu. Nisaidie nisione aibu." Akaniangalia sana. Akasema, "Wasukuma mna ng'ombe?" Nikamwambia tunao wengi, ila wana pembe ndefu kuliko akili. Akacheka, akanywa.

Nisalimie binti yako Joyness, na shangazi Ng'washi. Mwambie bado navaa kanga yake.

Mdogo wako,
Wilhelmina


Kasoli, 8 Desemba 2024

Mdogo wangu mpendwa sana Wilhelmina,

Milele amina. Nakuandikia nikiwa nimetoka jumuiya, na bado moyo unadunda. Nilikwenda na barua yako. Ilikuwa zamu ya nyumbani kwa mama Salu, tuko wengi, hata wanaume walikuja. Baada ya kusoma Injili kiongozi akauliza nani ana neno la kutushirikisha. Nikasema mimi ninalo, lakini si langu. Macho yangu unayajua, nikampa Joyness asome.

Mdogo wangu! Alipofika pale ulipopiga magoti mbele ya yule mzee, mama Salu akaanza kulia. Joyness akamaliza, kigelegele kikatoka mpaka kuku wakakimbia. Januarius katekista akasimama, akasema, "Tunahangaika kutafuta mfano wa unyenyekevu kwenye vitabu, kumbe mfano ni mtoto wetu wa hapa Kasoli, aliyekuwa anachunga mbuzi pale bondeni." Sasa kila ninapopita sokoni wananiita dada wa Wilhelmina. Hata jina langu limepotea, na sijutii.

Januarius anaomba barua yako ijayo isomwe kanisani Bariadi siku ya mtakatifu somo wa parokia. Kwa hiyo andika vizuri, andika kwa kirefu, mambo ya namna ile ile.

Shangazi Ng'washi, unamjua, yeye na kanisa ni jua na usiku. Alisikia kigelegele akaja na fimbo yake, akauliza nani kaolewa. Tukamweleza. Akasema, "Kwa hiyo mtoto yuko kwenye vita, nyie mnapiga vigelegele? Basi akifa mtaleta ngoma." Tulicheka tu. Uzee.

Nimemfungia Mayige michembe ya viazi vitamu, karanga, na majani makavu ya kunde, ile nsansa unayoipenda. Kula wewe. Lakini najua utagawa, ndivyo ulivyo, na Mungu anaona.

Dada yako akupendaye,
Klementina


Goma, 5 Januari 2025

Dada Klementina,

Heri ya mwaka mpya. Barua hii ni fupi na tafadhali usiwasomee. Ni yako.

Michembe imefika. Nilikula kidogo, mingine nikawapa wanaonyonyesha. Kuna mmoja anaitwa Kavira, mume wake hajulikani alipo, amebaki na mtoto wa kike mgongoni. Ananifuata kila ninapokwenda. Alipotafuna michembe alisema, "Mama, kwenu mnakula mbao?" Siku ya pili akaja kuomba mbao nyingine.

Dada, sauti za mabomu zimesogea. Zamani tulikuwa tunasema ni radi. Sasa hata watoto hawasemi radi. Mayige anasema safari yake ijayo, katikati ya mwezi huu, huenda ikawa ya mwisho, na kiti cha pembeni yake kiko wazi kwa sababu utingo wake amekataa kuja tena. Ananiambia, "Mama, panda, nakushusha mlangoni kwa dada yako."

Sijui la kufanya. Nimechoka, dada. Usiku nalala na viatu. Mguu wa kushoto niliukata kidogo kwenye yale mawe, si kitu, ila unanisumbua kwenda bomba la maji. Nikiwaza kuondoka naona uso wa Kavira. Nikiwaza kubaki nasikia mwili wangu unakataa kama punda. Nimesali, sijasikia jibu. Pengine jibu litakuja kwako, maana wewe ndiye umekaa mahali pa mama tangu alipofariki. Ukisema njoo, nakuja. Ukisema kaa, nakaa. Niambie neno moja tu, mpe Mayige.

Wilhelmina


Kasoli, 14 Januari 2025

Wilhelmina mdogo wangu,

Barua yako Joyness amenisomea taratibu, mara mbili. Nikaifungia kwenye Biblia, sikuwapa jumuiya kama ulivyosema. Nikasali. Halafu nikaenda kwa Januarius, nikamuuliza kama vile namuuliza habari ya mtu mwingine. Akasema mchungaji wa mshahara akiona mbwamwitu anakimbia.

Mdogo wangu, nakuandikia kwa upendo. Hofu ni ya mwili. Mwili ni punda kweli, umesema vizuri, na punda hapewi njia achague. Bwana wetu naye aliambiwa ashuke msalabani, hakushuka. Hao watu wana nani? Mungu aliyekutoa Kasoli akakupeleka huko hakukosea nyumba. Jishushe, jikane, usijihesabu. Sisi huku tunakubeba kwa rozari, kila nyumba ya jumuiya ina siku yake. Siku ya somo wa parokia padre atakutaja kwenye mahubiri, amekwisha kuniambia. Fikiria, mtoto wa baba yetu Mihayo, mchunga ng'ombe, jina lake linatajwa altareni Bariadi!

Kwa hiyo neno langu ni: kaa. Kaa, mdogo wangu.

Mguu uoshe na maji ya chumvi.

Shangazi Ng'washi aliniona naandika, akauliza, "Umemwambia arudi?" Nikasema nimemwambia afuate Mungu. Akasema, "Mnamsifia ng'ombe maziwa, na zizi linaungua." Nikaendelea kuandika.

Dada yako,
Klementina


Kasoli, 10 Februari 2025

Wilhelmina,

Barua hii haina wa kuipeleka. Naandika tu.

Redio imesema mji umechukuliwa. Imesema maiti barabarani. Joyness anaonyesha video kwenye simu yake, nikamwambia azime, halafu nikamwambia awashe, labda nitakuona. Kila mwanamke mwenye kanga ni wewe.

Mayige tunasikia alikabidhi barua yangu, akashusha dagaa, akavuka mpaka kurudi kabla mapigano hayajafika mjini. Gari likamharibikia njiani, hajafika huku. Alivuka na kiti kitupu? Au mtu mwingine alikikalia? Sijui.

Palizi imefika, nimeingia shambani na jembe nimekata mche wa pamba badala ya gugu, tena na tena. Jumuiya wanakuja kunifariji. Mama Salu anasema, "Usilie, una shahidi katika ukoo." Wilhelmina, nilitaka kumpiga. Mimi, mwenyekiti wa akina mama, nilitaka kumpiga mama Salu kofi mbele ya sanamu ya Bikira Maria.

Uwe hai tu. Sitaki kingine.

Klementina


Goma, 23 Februari 2025

Dada Klementina,

Mimi mzima. Nampa barua hii dereva mwingine, anapeleka ndizi Rusumo, huko mpakani atamtafuta Mayige, maana nasikia gari lake limekwama huko. Ulisema nikae, nilikaa, na Mungu amenilinda. Usiwe na wasiwasi.

Siku zile sitaki kuziandika. Tulikuwa tumelala chini sakafuni kwenye ukumbi wa parokia, tunaimba kwa sauti ndogo ili watoto wasisikie risasi. Baadaye tulitoka kuzika. Sikujua kwamba nina nguvu ya kubeba mtu mzima. Kumbe ninayo, au nilikuwa nayo.

Kambi imevunjwa. Wameambiwa warudi makwao milimani, lakini makwao hakuna nyumba, hakuna mlango, hakuna hata kuku. Kavira na mtoto nimewachukua kwenye chumba changu. Uji bado tunapika, unga ukipatikana.

Nikupe jambo moja la kusoma kwenye jumuiya, maana najua wanasubiri. Baada ya mapigano aliletwa ukumbini mpiganaji mmoja wa wale walioingia, mtu mzima, ana ndevu na mvi, tumbo limefumuliwa. Wenzake walikuwa wamemwacha. Akina mama wakasema asiguswe, mmoja wao alikuwa amepoteza mtoto siku ile ile. Nami sikuwa na upendo, dada. Nakuambia kweli, nilimwangalia nikaona nyama. Lakini akasema, "Mama, nifunike, naona aibu." Nguo zilikuwa zimepasuka. Nikavua ile kanga ya shangazi, nikamfunika. Nikamshika mkono mpaka ulipopoa. Yule mama aliyefiwa hasemi nami mpaka leo, na simlaumu.

Mguu unaendelea vizuri.

Wilhelmina


Kasoli, 16 Machi 2025

Wilhelmina, Wilhelmina mdogo wangu,

Mayige alifika jana na barua yako. Nilimpa ugali na samaki, hakula. Mayige hakula! Nikajua kuna neno. Nikamwambia, "Sema, mwanangu." Akasema, "Mama, mimi tangu Januari nina kitu hapa kooni. Mama Wilhelmina aliniapisha nisikuambie."

Akaniambia alivyokukuta ile Januari. Unachechemea, mguu umefungwa kitambaa, unanuka, na Kavira ndiye anakuchotea maji. Akaniambia umepimwa tangu mwaka juzi, una sukari. Ile ile ya mama. Akaniambia ulisoma barua yangu umesimama mlangoni, ukaikunja, ukamwambia, "Dada kasema nikae. Kiti mpe mwingine." Akakaa kwenye gari anakupigia honi, hukutoka tena.

Kwa nini hukuniambia? Mama alianza na kidonda cha kidole. Wewe ndiye ulikuwa unamwosha, mimi nilikuwa nashindwa na harufu. Unajua sukari inavyomaliza mtu. Na ulijua, ukaniuliza nije au nisije, ukaniandikia "si kitu"!

Lakini ngoja. Nisikugombeze wewe. Mimi ndiye niliyejibu. Wilhelmina, nataka useme mwenyewe moyoni kama ni dhambi hii: nilipenda kuitwa dada wa Wilhelmina. Nilipoandika "kaa" nilikuwa nasikia jina letu altareni. Nilikuhubiria ujishushe, na mimi nilikuwa nimekupanda mgongoni ili nionekane na watu. Januarius hakukuambia ukae, nilimficha kwamba ni wewe. Padre hakukuambia. Ni mimi.

Na siku ya somo wa parokia padre alikutaja kweli. Sikusikia alichosema. Masikio yalikuwa kama yamejaa maji.

Jana baada ya Mayige kulala nilisoma ile amri kubwa, mwenyewe, kwa macho haya mabovu, herufi moja moja. Mpende jirani yako kama nafsi yako. Miaka yote naiimba, sikuwahi kusimama kwenye lile neno la mwisho. Nilidhani nafsi imewekwa pale kama kijiti cha kupimia tu, ukishapima unatupa. Mdogo wangu, nafsi yako nayo ni maskini anayebisha hodi. Ana mguu unaooza. Mbona yeye hujampa uji?

Narudisha neno langu. Njoo. Panda na Mayige, awe anarudi na gari tupu, alaze godoro. Mimi nitakuja mpaka Rusumo nikupokee. Hospitali tutakwenda wote. Wakikata mguu, wakate, utakaa hapa kwangu unapukuchua karanga na kunigombeza. Sitaki mtakatifu. Nataka mdogo wangu.

Klementina


Goma, 2 Aprili 2025

Dada,

Kavira ndiye anaandika, mimi nasema. Homa hainiruhusu kushika kalamu. Anaandika Kiswahili cha kwao, nikimsahihisha ananuna, mvumilie.

Umeniuliza kwa nini sikusema. Mwanzoni nilikuwa sitaki uogope. Baadaye ikawa kitu kingine. Nilikwenda hospitali, dada, usidhani sikwenda. Nilipanga foleni. Wewe hujaona foleni ya vita. Mbele yako mtoto hana mkono. Nyuma yako mama mjamzito ana risasi. Zamu yangu inafika, nageuka, nasema, "Huyu anaumia kuliko mimi, apite." Kesho yake tena. Na kila siku kulikuwa na anayeumia kuliko mimi, mpaka siku daktari aliponifungua kitambaa akaita mwenzake. Akaniuliza, "Mama, ulikuwa wapi?" Nikasema nilikuwa hapa hapa kwenye foleni.

Nilidhani huo ni unyenyekevu. Dada, nikuambie siri, na safari hii Kavira ndiye shahidi. Haukuwa unyenyekevu wote. Ulikuwa pia uchovu. Nilikuwa naona mimi ni mtu wa kubaki. Sina mtoto, sina mume, nani atakosa kitu nikikosekana? Kumpisha mtu wakati hujithamini si sadaka. Ni kama kutoa sahani iliyovunjika ukasema umetoa zawadi.

Na kingine. Baada ya barua yako ya kigelegele, niliona aibu kurudi. Kule Kasoli kuna Wilhelmina mwingine, wa kwenye barua, hanuki, hachoki, hana hasira. Huyo ndiye wanampenda. Nikirudi mimi, na mguu huu, na namna ninavyowatukana wanajeshi kimoyomoyo, nitakuwa nimemuua. Nikasema bora abaki yeye.

Barua yako ya juzi imeniliza. Kavira aliisoma mpaka "sitaki mtakatifu", akaacha, akasema, "Huyu dada yako naye ni mtu, kumbe." Sijakukasirikia. Hata kidogo. Nilikuuliza ili unibebee mzigo wangu, nawe ukabeba vibaya. Mimi ndiye nilikupa.

Dereva aliyeniletea barua yako nimempa neno ampelekee Mayige: ndiyo. Anasema Mayige atafika baada ya Jumapili ya Matawi. Daktari amesema nisisafiri, halafu akasema hata nikibaki yeye hana dawa, basi nisafiri. Kavira na mtoto nao watakuja, nimemwambia Kasoli kuna nafasi. Anauliza kama kote wanakula mbao.

Niandalie maziwa mgando. Safari hii sitampa mtu.

Wilhelmina


Goma, 24 Aprili 2025

Mama Klementina,

Mimi ni Kavira. Mayige anakuletea hii karatasi, na mdomo wake utakuambia kabla ya karatasi. Mama Wilhelmina ametutoka Jumanne ya wiki takatifu. Mayige alifika kesho yake, godoro liko nyuma ya gari, alilifunika na turubai lisipate vumbi. Tulimzika kwenye viwanja vya parokia pembeni ya mume wake. Kuchimba ni ngumu, mawe tu. Yule mama aliyekuwa hasemi naye alikuja na nyundo, akavunja mawe mpaka tukamaliza. Akaondoka na nyundo yake.

Naomba nikuambie jambo moja, kwa sababu siwezi kulibeba. Siku ile ilikuwa mchana. Homa ilikuwa kali. Mimi nafua nguo za mtoto pale nje ya mlango. Akaniita, "Kavira, maji." Nikamwambia, "Mama, ngoja kidogo, namalizia." Maji yalikuwa machache, nilitaka kumaliza povu kwanza. Halafu mtoto akaanguka, nikamkimbilia, akalia sana, nikasahau. Mama, nilisahau. Mimi niliyemchotea miezi yote. Nilipoingia, alikuwa bado anapumua, midomo imepasuka. Nikamwambia, "Mama, mbona hukuita tena?" Akasema, "Niliona haya kuomba mara ya pili. Mtoto alikuwa analia." Nikampa kikombe, maji yakatoka pembeni ya mdomo. Hakumeza.

Ni mimi. Kama ungekuwa unataka kujua ni nani, ni mimi.

Mayige amesema nipande nije. Siwezi kukaa kwenye kile kiti. Nasubiri unachosema.

Kavira


Kasoli, 11 Mei 2025

Kavira binti yangu,

Macho yamezidi kuharibika, lakini bado naandika kwa mkono wangu mwenyewe, Joyness amenichorea mistari nisipotee. Usijali herufi.

Mayige alifika. Nilikuwa nimegandisha maziwa kwenye kibuyu, yalikuwa yamekaa vizuri. Shangazi Ng'washi ndiye aliyemwona kwanza, akaangalia gari, akaangalia nyuma, akakaa chini hapo hapo kwenye mavumbi. Hakunisema. Nilitaka aniseme. Tangu siku hiyo ananipikia.

Tulinyoa nywele kama desturi yetu, tukakaa matanga bila kaburi. Jumuiya walijaa. Januarius akaniambia, "Mama Klementina, watu wanataka kujua mwisho wake ulikuwaje, uwatie nguvu." Nikakataa. Wakaomba sana. Nikasimama. Nilikuwa nimeamua kwamba sitapamba tena, nitasema kitu kimoja, cha kweli, kisichoweza kushangiliwa. Nikasema, "Alikuwa na kiu."

Kavira, sikiliza. Nikaona nyuso zao zinabadilika. Mama Salu akapiga magoti. Akasema, "Kama Bwana msalabani! Maneno yale yale!" Na kigelegele kikatoka. Kwenye matanga, kigelegele. Nikapiga kelele: "Hapana! Maji! Alitaka maji ya kunywa, kikombe, akaona haya kuomba!" Walikuwa wameanza kuimba, hawakunisikia. Wale walionisikia walilia wakisema, unyenyekevu gani huu. Nikatoka nje. Sasa Januarius anataka kuweka picha yake kwenye kigango. Nimechoka kukataa. Nyimbo zina nguvu kuliko mtu mmoja.

Sala yangu imekauka. Nasema Baba Yetu, sifiki kwenye mkate. Sikuandikii kwamba ni mapenzi ya Mungu, maana nilikwisha kumsingizia Mungu mara moja, inatosha.

Wewe unasema ni wewe. Mimi nasema ni mimi. Mayige anasema angembeba kwa nguvu ile Januari. Binti yangu, ulikuwa unafua nguo za mtoto. Mtoto akaanguka, ukakimbia. Mama yeyote angekimbia. Sikusamehe, kwa sababu hakuna cha kusamehe. Kama kuna kilichobaki, kiko upande wangu.

Usipotaka kukaa kwenye kile kiti, Mayige amesema utalala nyuma na mtoto, kwenye godoro. Hapa hakuna nitakachokuahidi. Mvua ilikuwa mbaya, pamba imetoka fupi, na watu watataka uwasimulie. Usiwasimulie. Chumba kipo.

Ila utakapofika kuna sharti moja, na hili sitarudisha neno langu. Humu ndani ukiwa na kiu, sema. Nikichelewa, sema tena. Nikiwa nasali, nikatize. Niite mpaka nije na maji.

Dada yake,
Klementina